Kwa Fundi Naonekana, Nyumbani Giza

— Arielle, sikuone.

— Angalia muzuri, chéri. Niko hapa mbele ya machine.

— Ninaangalia! Ni giza tu. Hii ni siku ya Mungu ya tatu, Arielle. Ya tatu!

Arielle alisogeza kiti, akainama, akakaza macho kwenye kompyuta kana kwamba kukaza macho kungesaidia. Yeye alikuwa anamwona Éphraïm wazi kabisa: shati jeupe, ndevu changa, na nyuma yake dirisha la chumba cha mwanafunzi huko Casablanca, Moroko, alikoenda kusomea mambo ya kuyeyusha shaba. Lakini Éphraïm kumwona yeye? Thubutu! Jumapili tatu sasa, sauti inafika, sura haifiki.

— Tantine Adrienne ananiuliza kila siku, Éphraïm aliendelea, akimtaja shangazi yake. Anasema, huyu bibi unataka kuoa, tangu lini haumuone? Nimujibu nini?

— Mujibu kamera imekufa.

— Kamera inakufa, na weye hautafute fundi? Jumamosi ni dot, Arielle!

— Kesho naenda kwa fundi. Nakuapia.

— Apa.

— Si nimekwisha kuapa?

Simu ikakatwa. Haikukatwa na mtandao, ilikatwa na kidole cha mtu mwenye hasira.

Arielle alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Likasi. Aliishi mtaa wa Shituru na mama yake, Philomène, katika nyumba ndogo ya kampuni aliyowaachia marehemu baba yake, Philippe, fundi umeme wa kiwanda. Simu yake nzuri ilizama kwenye beseni la nguo, akabaki na kasimu ka vitufe kasikojua picha. Kilichobaki ni hii kompyuta aliyoachiwa na Éphraïm siku ya kupanda ndege.

Na Jumamosi hiyo ya dot, yaani ya kutoa mahari, haikuwa ya mchezo. Siku hizi kwetu, bwana harusi akiwa nchi za mbali, hasubiriwi arudi. Familia mbili zinakaa, kompyuta inawekwa mezani, mali ya mahari inatolewa, na yeye anafuata yote kwa kamera kama vile yuko pale kwenye kochi. Sasa bwana harusi asiyemwona bibi harusi anaoa nini?

— Amekata? mama Philomène aliuliza, akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

— Amekata, na roho mubaya juu.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

— Mungu atasaidia, alisema, akarudi jikoni.

Kesho yake, baada ya masomo, Arielle alifika kwenye kibanda cha Pitshou karibu na soko. Pitshou ni fundi wa kompyuta ambaye mkono wake ni hodari, ila mdomo wake ni hodari zaidi.

— Mwalimu! Kamera inakusumbua? Leta nione. Kwanza tuangalie autorisation. Kuko bantu banafunga kamera beye benyewe mu paramètres, kisha banakuja kulia kwangu.

Ruhusa ilikuwepo kwenye mipangilio. Pitshou akatafuta kama kuna programu nyingine iliyoikamata kamera kwa siri. Hakuna. Akaifuta kamera kwenye mashine, akaiweka upya, akazima, akawasha. Arielle alikuwa anahesabu vidole vyake kwa wasiwasi. Mara, sura yake hiyo hapo, imejaa kioo kizima.

— Kamera yako iko mzima, Pitshou alisema. Inaona hata jasho ku puani.

— Lakini ku nyumba ni giza!

— Ku nyumba, ile ka lampe kadogo pembeni ya kamera kanawakaka?

— Kanawaka.

— Basi machine inaona. Inaona giza. Kuko kitu mbele ya jicho yake. Ukifika ku nyumba, pitisha kidole pale juu.

Maneno hayo yaliingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Arielle alikuwa ameshabonyeza jina la Éphraïm.

— Eh! Ni weye! Njo weye kweli! Éphraïm alicheka kwa sauti, meno yote nje. Arielle wangu! Ulibadilisha nywele na haukuniambia?

— Ningekuambiaje, na weye unanikatia simu kila siku ya Mungu?

Walicheka wote wawili. Ilikuwa raha, jamani, raha ya kweli. Ikakaa nusu dakika. Pitshou, fundi anayejali kazi yake, akaingiza kichwa begani mwa Arielle ili aone picha kama imenyooka.

— Inatoka muzuri, patron? aliuliza.

Kicheko cha Éphraïm kikafa palepale.

— Huyo nani?

— Fundi.

— Fundi... Éphraïm alisogeza uso karibu na kamera. Kwa fundi unaonekana. Ku nyumba, giza. Machine ni ileile. Arielle, ku nyumba kuko nani?

— Kuko nani? Kuko mama!

— Na nani mwingine?

Arielle alifunga kompyuta, si kwa sababu ana hatia, bali kwa sababu hakuwahi kufikiri siku moja mtu huyu angemuuliza swali kama hilo. Na ukifunga kompyuta mbele ya mwenye wivu, umeshajibu.

Alipofika nyumbani aliweka mashine mezani pake pa kila siku, akaenda kuoga, ndipo akaiwasha. Giza. Na kasimu kake kakalia, ujumbe wa Éphraïm:

"Tantine atakuja Jumamosi na mali. Kama ni giza tena, atarudi na mali. Na minye sitamukataza."

Wiki nzima Arielle alifundisha kama mtu mwenye homa. Ijumaa mchana alirudi, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua kamera. Giza lilelile, na kale kataa kanawaka bila aibu. Ndipo maneno ya Pitshou yakamrudia. Akainua kidole, akapitisha ukucha polepole juu ya kioo.

Ukucha ukakwama.

Kilikuwa kipande cheusi cha utepe wa gundi, ule ambao mafundi umeme wanafungia nyaya. Kimekatwa kwa wembe, kidogo kama punje ya mahindi, kimebandikwa juu ya jicho la kamera, cheusi juu ya cheusi. Usingekiona hata ukiambiwa kipo. Utepe wa aina hiyo mle ndani ulikuwa mmoja tu, kwenye kopo la vifaa vya marehemu baba.

Mama Philomène alikuwa nyuma ya nyumba, anakata sombe, majani ya muhogo, kwenye beseni.

— Mama. Hii ni nini?

Mama aliangalia kile kitu kwenye ncha ya kidole. Alikitambua palepale.

— Ni scotch ya baba yako.

— Nani aliiweka ku kamera?

— Minye.

— Weye?! Mama, nalia mbele yako juma tatu! Unanipikia, unanibembeleza, kumbe njo weye? Na kwa Pitshou ilifika bila kitu!

— Niliitoa mbele uende kwa fundi. Kwa fundi minye siko. Ukarudi, nikairudisha.

— Juu ya nini, mama? Haumupende Éphraïm?

— Namupenda sana. Kaa chini, mutoto yangu.

Arielle hakukaa. Mama akaendelea kukata sombe, macho kwenye kisu.

— Unajua kwetu Tshangalele, ku ziwa, mukwe na mama ya bibi hawaangaliane. Zamani, mbele Éphraïm aende Moroko, tukikutana mu njia, yeye alikuwa anatoka mu njia, anageukia ukuta mupaka nipite. Ni mutoto wa heshima. Sasa ile machine yenu inakaa mu salon, inaangalia mulango. Kuoga ni huku nyuma. Chumba ni kule mbele. Nitapita wapi, Arielle? Nitaruka juu ya nyumba?

— Ungeniambia nigeuze meza!

— Prise ya umeme ni moja tu. Na ulikuwa unasema réseau ya internet inapatikana pale ku dirisha. Siku moja nilizania mulikwisha kuzungumuza. Nikatoka kuoga. Kitenge hapa, ku kifua. Kichwa wazi. Nikaingia, nikasikia sauti yake.

Kisu kikasimama.

— Banasema kwetu, mukwe akimuona mama mukwe vile, tumbo ya mutoto wake inafunga. Minye nilizaa weye moja, nikafunga. Sijui nani aliniona ao nani nilikosea. Sitaki na weye ufunge.

Hasira ya Arielle ilitafuta pa kushika, ikakosa.

— Mama, nimwambie Éphraïm. Atacheka, itakwisha.

— Hapana! Ukimwambia, ataniona mara ya pili, mu akili yake. Kila akinisalimia atakumbuka. Heri nikufe.

— Basi kesho ukae mu chumba, minye nifungue kamera.

Lilimtoka tu, na palepale akatamani kulimeza. Dot ya mtoto wako wa pekee, na wewe umefichwa nyuma ya pazia? Kiti cha baba kitakuwa kitupu, kwa kuwa baba yuko kaburini. Cha mama nacho kiwe kitupu? Mbuzi wa heshima ya mama apokewe na nani?

— Ni kweli, mama alisema taratibu. Nitakaa mu chumba. Hakuna neno.

Na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa sombe, alifutia machozi begani.

Arielle aliingia ndani. Akakibandika kile kipande palepale kilipokuwa, akakikandamiza kwa kidole gumba. Kisha akarudi nyuma ya nyumba.

— Utakaa ku kiti yako, mama. Sitamwambia.

— Na yeye?

— Ataniamini.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini wahenga hawakuwa na kompyuta sebuleni, na aliyekuwa anafichwa hapa hakuwa Arielle. Aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena:

"Chéri, kesho pia hautaniona. Haiko kosa ya kamera. Kuko sababu ya heshima, siwezi kuisema. Niamini kesho tu."

Jibu lilichelewa mpaka sombe ikaiva.

"Hiyo sababu inaitwa nani?"

Arielle alisoma mara tatu. Kila mara ilimchoma mahali palepale. Akaandika: "Haiitwe mwanaume." Hakujibiwa.

Jumamosi saa nne asubuhi sebule ilijaa pomoni. Tantine Adrienne alitoka Kakanda na watu sita, mbuzi wawili, vitenge, magunia na kreti za vinywaji. Ni dada ya baba yake Éphraïm, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwanamke mpana, mwenye kilemba kirefu, asiyependa kuzungushwa. Upande wa bibi harusi msemaji alikuwa Papa Déogratias, mdogo wake marehemu Philippe. Arielle alikaa kwenye kochi na kitenge kipya, mama yake ubavuni.

Kompyuta ikawashwa. Éphraïm akatokea na koti na tai, watu wakapiga makofi. Yeye hakutabasamu.

— Mutoto, unamuona bibi yako? Tantine aliuliza.

— Hapana, Tantine. Giza.

Makofi yakaisha.

— Arielle, mutoto yangu, nakuuliza kwa upole. Kamera iliharibika?

Angesema ndiyo, pengine mambo yangepita. Lakini Arielle hakutaka kuanza ndoa kwa uongo.

— Hapana, Tantine. Iko mzima.

— Mawee! Iko mzima? Basi uifungue, bwana yako akuone.

— Siwezi, Tantine.

Watu wakanong'ona. Papa Déogratias akageuka na shingo yote.

— Arielle, unasema nini? Unatuharibisha jina!

— Nasema siwezi, Papa Déo. Munisamehe.

— Arielle! Sauti ya Éphraïm ilitoka kwenye mashine, imepasuka katikati. Sema mbele ya bazee. Kuko muntu mwingine?

— Hakuna.

— Ni ule fundi?

— Hakuna muntu, Éphraïm! Nilikuomba uniamini siku moja. Moja tu!

— Nilikuamini siku ya Mungu tatu!

Tantine Adrienne alisimama, akajifunga kitenge upya. Sote tunajua mwanamke akijifunga kitenge upya maana yake ni nini.

— Mubebe mali. Mutoto wetu alitumwa kutafuta bibi, hakutumwa kuoa giza. Fungueni kamba ya mbuzi.

Vijana wake wakatoka kwenda kwenye mbuzi. Arielle alisikia mama anataka kuinuka, akamkamata goti, akalikandamiza kwa nguvu zote. Akatikisa kichwa, machozi yanadondoka kwenye kitenge kipya. Hapana, mama. Kaa.

Mama Philomène aliutoa ule mkono gotini, kidole kimoja kimoja. Akasimama.

— Muache mbuzi.

Hakusema kwa sauti kubwa, ila kila mtu alisikia. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, kompyuta ikabaki mgongoni mwake.

— Ni minye nilifunga ile jicho. Mutoto hana kosa. Machine inaangalia mulango, na mulango njo njia yangu. Siku moja nilipita vibaya, na mukwe wangu eko mule ndani. Nikasikia haya. Nikaifunga na scotch ya marehemu. Arielle alijua jana tu. Alinyamaza juu ya kuchunga haya yangu. Munamuhukumu juu yangu.

Halafu kwenye mashine kukasikika kiti kinaburutwa, na wote wakatazama.

Éphraïm alikuwa ameinuka. Akakigeuza kiti chake, akakaa tena. Kilichoonekana sasa ni kisogo chake na kola ya koti.

— Mama, alisema akiwa amewapa mgongo. Mufungue tu. Sikuangalie. Na ile siku sikuona kitu, mama. Macho yangu ilikuwa ku kitabu.

Arielle aliikumbuka ile Jumapili. Hapakuwa na kitabu. Éphraïm alikuwa anamsimulia habari za kantini ya chuo, macho yote kwake, mara akanyamaza katikati ya neno, akainamisha kichwa, akasema mtandao mbovu, akakata. Aliona. Aliona, na sasa anadanganya mbele ya shangazi na wazee, na ataendelea kudanganya mpaka azeeke, ili mama ya mtu asiaibike. Arielle alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na bado alikuwa amemkasirikia.

Tantine Adrienne alikaa polepole. Akacheka, kisha akajikuta analia.

— Mama Philomène, pardon. Minye nilikuja kutafuta mwanaume mu hii nyumba, kumbe ni heshima ilikuwa inajificha. Kwetu Kakanda mambo hii tuliiachaka. Tulikosa.

Alifungua furushi la mali, akachagua kitenge kizuri kuliko vyote, akamvisha mama mabegani kwa mikono miwili.

— Hii ni ya kufungua macho. Tangu leo mukwe akuangalie, na umuangalie, bila kosa. Na tumbo ya huyu mutoto ibaki wazi.

— Amina! watu wakaitikia.

Mama akajifunika kichwa, akaenda mwenyewe mezani, akabandua ule utepe. Mwanga ukaingia. Lakini kwenye mashine kisogo ni kilekile.

— Geuka, mutoto, Tantine alisema. Inakwisha.

— Tantine, sasa njo minye niko na haya. Arielle, nigeuke?

Arielle alikunja mikono. Papa Déogratias, mzee wa desturi, akaona aisukume kazi mbele, akakohoa.

— Arielle, mutoto wa kaka yangu. Mali njo hii. Wazee banauliza: tupokee ao tuache? Fikiri. Tukikula mbuzi, hairudi.

Sebule nzima ikamgeukia. Arielle akaenda mbele ya kompyuta, akasimama karibu kabisa.

— Éphraïm. Nilikuandikia kuko sababu. Weye ukaniuliza jina ya mwanaume.

— Nilikosa.

— Ilinichoma.

— Najua. Mbele ya bazee bote nasema nilikosa. Niliogopa, Arielle. Huku mbali, kila giza ni mwanaume.

— Na siku nyingine? Umeme ikikatika, réseau ikipotea, minye nikinyamaza?

Kisogo kiliinama.

— Nitangoja. Kisha nitauliza nini, sitauliza nani.

— Basi geuka.

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu na tai imekwenda upande. Alimtazama Arielle kwanza, akamtazama kweli, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha, kwa uoga, akamtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya Arielle na kitenge kichwani. Mama Philomène naye akamtazama, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu wafahamiane.

— Unakonda, mwana, alisema. Banakupa bukari, ugali yetu, huko?

— Hapana, mama. Banakulaka mikate tu.

Kicheko kikapasuka hadi nje kwa wenye mbuzi. Arielle alicheka pamoja nao huku anajifuta mashavu, halafu akamgeukia baba yake mdogo.

— Papa Déo, mupokee. Mbuzi hairudi.